Bamia ya Uani: Kuipanda, Kuichuma na Kuila Katikati ya Jiji



Katika Misa ya shukrani kwa mavuno, mojawapo ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo za parokia yetu ilileta altareni, wakati wa matoleo, kapu la bamia. Zilikuwa bamia za kutazamwa: nene, ndefu kupita kiganja cha mtu mzima, nyingine zikikaribia shibiri, na zote zimetoka katika ndoo kumi na mbili zilizopangwa juu ya paa la nyumba moja ya Kariakoo. Tulizipokea kwa furaha. Baada ya Misa kapu likapelekwa jikoni, na kabla ya saa sita mama mpishi wa nyumba ya mapadre alikuja kutuita. Alichukua kisu akaikata bamia moja mbele yetu, au tuseme alijaribu kuikata, maana kisu kiligoma. Akasema kwa upole, "Baba Paroko, hizi si mboga tena. Hizi ni kuni."

Waliozileta hawakuwa wazembe. Walikuwa wamezingoja majuma matatu ziwe kubwa, wakiamini kwamba toleo likiwa kubwa ndilo lipendezalo, wala hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba bamia huharibika kwa kungojwa. Wengi wetu tunaoishi katikati ya jiji la Dar es Salaam tumezaliwa mbali na shamba, au tuliliacha tungali watoto. Mboga tunazijua zikiwa fungu gengeni. Ndipo tulipoona yafaa kuyaandika haya, kwa ajili ya jumuiya ile na kwa wengine walioanza kutuuliza.

Kwanza tuujue mmea wenyewe. Mbamia ni ndugu wa pamba na wa choya, ile ambayo maua yake mekundu hutengenezwa juisi. Ukilitazama ua la mbamia asubuhi, la manjano lenye doa la zambarau iliyokolea katikati, utauona undugu huo bila kuambiwa. Wataalamu hawajakubaliana kama asili yake ni Afrika ya upande wa Ethiopia au ni Bara Hindi. Jina tulitumialo sisi limetoka katika Kiarabu, na Waingereza huiita okra, neno walilolipata kutoka kwa Waigbo wa Nigeria. Watu wetu waliochukuliwa utumwani walifika nayo ng'ambo ya Atlantiki, na hata leo mchuzi mashuhuri wa Louisiana, kule Marekani, huitwa gumbo, jina lenye asili katika lugha za Kibantu za Angola. Inashangaza kidogo kwamba wana wa Israeli, walipoyalilia mapishi ya Misri katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, walitaja matango, matikiti na vitunguu, lakini bamia, ambayo leo Wamisri huipenda mno, haimo katika orodha yao.

Sasa tuje mjini kwetu. Kariakoo, ambayo jina lake ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ilijengwa kwa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma yake uani. Uani ndipo palipokuwa na jiko, kisima au bomba, kamba ya nguo, na mara nyingi mpapai na vichaka viwili vitatu vya mboga. Nyumba hizo zinatoweka. Mahali pa kila moja panasimama ghorofa lenye maduka chini na stoo juu, na uani umekwisha. Waliobaki wanapanda kwenye paa, kwenye baraza, kwenye kona ya ua wa kanisa. Hilo linawezekana, lakini lina masharti yake.

Sharti la kwanza ni jua. Mbamia hutaka jua la moja kwa moja lisilopungua saa sita kwa siku. Likipungua hurefuka, hutoa majani mengi, na maua huwa haba. Katikati ya maghorofa jua halifiki popote upendapo. Kabla hujanunua hata mbegu moja, chukua siku nzima ya mapumziko, uangalie mahali pako saa tatu asubuhi, saa sita, na saa tisa alasiri. Mahali panapopata jua nyakati mbili kati ya hizo panafaa. Palipo kivulini siku nzima pandeni mnanaa, msijisumbue na bamia.

Sharti la pili ni udongo, na hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini. Udongo wa mjini si wote ulio safi. Kuna waliochota tope lililoachwa na mafuriko bondeni Jangwani, kwa kuwa ni jeusi na linaonekana na rutuba. Wengine wamezoa udongo kando ya karakana, uliolowa oili chafu na kuchanganyika na masalia ya betri. Mwaka 1999 watafiti walichapisha vipimo vya mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Walichokuwa wakikitafuta ndani ya majani ni shaba, zinki, risasi na kadimi. Madini ya risasi hayaonekani kwa macho wala hayatoki kwa kuosha, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo. Kwa sababu hiyo tusichukue udongo wa bondeni wala wa karakana, na tusimwagilie kwa maji ya mtaro hata bomba likikauka siku tatu. Nunua udongo na samadi kwa wauza miche wanaoweza kukuambia wameutoa wapi. Changanya debe mbili za udongo na debe moja ya samadi iliyooza vizuri. Mbolea ya kuku ni kali. Ikiwa mbichi itaunguza mizizi, hivyo iache kwanza miezi miwili mitatu ipoe.

Chombo kinachofaa ni ndoo ya lita 20, au kiroba imara, chenye matundu matano au sita chini. Mzizi wa mbamia huenda chini sana, kwa hiyo beseni pana lisilo na kina halifai. Ndoo moja, mmea mmoja. Tunajua kishawishi cha kuweka mitatu; jumuiya yetu ilikwisha kujaribu, ikavuna kidogo kuliko waliopanda mmoja. Ndoo zikiwa nyeusi juu ya zege zitachemka saa nane mchana, basi zizungushieni kiroba cheupe, na kuziinua juu ya matofali ili maji yatoke bila kuoza sakafu ya mwenye nyumba. Na msiweke visahani chini yake. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu anayeieneza huzaliana katika maji safi yaliyotuama, hata yale machache ya kwenye kisahani.

Mbegu hupatikana katika maduka ya pembejeo yaliyo jirani na soko la Kariakoo. Tazameni lebo ya TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu nchini, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Aina ya Clemson Spineless ni maarufu na haina miiba mingi. Pusa Sawani nayo hulimwa sana. Ziloweke mbegu usiku mmoja katika maji ya kawaida, kwa maana ganda lake ni gumu. Asubuhi zifukie tatu tatu katika kila ndoo, kina cha pingili moja ya kidole. Kwa joto letu zitachomoza kati ya siku ya nne na ya kumi. Miche ikifikia urefu wa kidole, bakiza mmoja ulio na nguvu, na mingine uikate kwa mkasi badala ya kuing'oa, usije ukamtikisa yule aliyebaki. Mbamia haupendi kuhamishwa. Ndiyo sababu twapanda mbegu moja kwa moja mahali pake.

Joto ni rafiki yake. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, hukua polepole lakini hukua. Wakati wa masika shida ni maji kuzidi. Ukianza Septemba utavuna kuanzia Novemba, na miezi ya jua kali itakukuta mimea ikiwa imekomaa. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo na si juu ya majani. Mimea ikiwa mikubwa na jua ni kali, ndoo moja yaweza kutaka lita mbili kwa siku. Maji yaliyooshea mchele au mboga yanafaa kabisa.

Wadudu watakuja. Vidukari hujazana chini ya majani machanga na kufuatwa na sisimizi. Inzi weupe huruka kama vumbi ukigusa jani, na hao ndio wachukuzi wa virusi vinavyokunja majani na kuyafanya manjano. Mmea uliopata virusi hauponi, ung'oeni mapema. Kwa vidukari, maji yenye sabuni kidogo ya kufulia yakinyunyizwa jioni chini ya majani kwa siku tatu hutosha mara nyingi. Tunawasihi msinunue sumu za kupimiwa katika chupa zisizo na maandishi. Bamia huchumwa kila baada ya siku mbili, na dawa nyingi hudai siku nyingi kuliko hizo kabla ya kula. Basi atakayepuliza Jumatatu na kuchuma Jumatano anailisha familia yake sumu. Kama mizizi ina vinundu, hao ni minyoo fundo; udongo huo usiupandie tena bamia wala nyanya, upandie mchicha mahali pengine au uubadilishe.

Siku kama 45 hadi 55 baada ya kupanda, ua la kwanza hufunguka. Hufunguka asubuhi, na jioni yake limenyauka. Usihuzunike: pale lilipokuwa pamebaki kijitunda kidogo kama ncha ya kalamu. Hapo ndipo kazi inapoanza, na hapo ndipo jumuiya yetu ilipokosea.

Kijitunda kile hukua kwa haraka isiyo ya kawaida. Siku ya nne au ya tano tangu ua kufunguka kina urefu wa sentimita 7 hadi 10, laini, na mbegu zake ni nyeupe na teketeke. Hiyo ndiyo siku yake. Siku ya saba nyuzi zimeanza kujipanga ndani ya ganda. Siku ya kumi imekuwa kamba. Wala hasara si ya tunda hilo moja. Mmea ukiachiwa tunda likomae, huhesabu kwamba kazi yake ya kuzaa mbegu imetimia, nguvu yote huelekezwa kwenye tunda lile, na maua mapya hupungua. Bamia moja iliyosahauliwa nyuma ya jani yaweza kuwanyima bamia nyingine kadhaa. Kinyume chake, mmea unaochumwa kila siku ya pili huendelea kuzaa miezi miwili, hata mitatu. Kwa uzoefu wa jumuiya ile, baada ya kujisahihisha, ndoo kumi na mbili huipa familia ya watu watano kitoweo mara mbili kwa juma, ikichanganywa na mboga nyingine.

Kwa hiyo yafaa kuwe na mtu na siku zake. Jumuiya iliweka zamu: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, na Jumamosi jioni kwa sababu bamia hazijui Jumapili. Huchuma alfajiri, kabla ya Misa ya kwanza, jua halijapanda. Tumia kisu kikali au mkasi, ukate kikonyo, ukibakiza kipande kidogo juu ya bamia. Ukiivuta kwa nguvu utachana shina. Vinywele vya mmea huwasha, na wengine huvimba mikono, hivyo vaa shati la mikono mirefu au mfuko wa plastiki mkononi. Kila baada ya kuchuma, kata jani kuukuu lililo chini ya pale ulipochuma ili hewa ipite. Mimea ikichoka na kuwa mirefu kupita kimo cha mtu, ikate ibaki sentimita 30 hivi, uiongeze samadi. Mingi itachipua upya.

Anayenunua sokoni naye ana la kujifunza hapa. Bamia zinazofika Dar es Salaam kutoka Mkuranga, Bagamoyo au Morogoro zimekwisha kuchumwa jana yake au juzi, na bamia hupoteza maji upesi. Tazameni ncha: ukiipinda ikavunjika mara moja, ni changa, ikijikunja bila kuvunjika, iacheni. Tunajua wauzaji hawapendi kuvunjiwa ncha, nao wana haki, maana aliyevunjiwa bamia ishirini na wateja wasionunua amepata hasara. Vunja moja, kisha ununue fungu. Ukifika nyumbani usizioshe hadi saa ya kupika. Zifunge katika karatasi, uziweke mahali penye ubaridi. Ndani ya jokofu kali huota madoa meusi.

Kuhusu mapishi tusingethubutu kumfundisha mama yeyote wa WAWATA, lakini vijana wanaopanga vyumba peke yao wametuuliza, na jibu lote limo katika ule utelezi wake. Asiyeupenda azioshe bamia nzima nzima, azifute zikauke kabisa, azikate vipande vikubwa, na azikaange kwa moto mkali bila kufunika. Ndimu, ukwaju au nyanya hupunguza utelezi. Ndivyo zinavyokwenda vizuri na samaki katika mchuzi wa nazi, zikitiwa mwishoni, dakika kumi kabla ya kuipua. Anayeutaka utelezi, kama ndugu zetu wa Dodoma na Singida wasioweza kula ugali bila mlenda, azikatekate ndogo ndogo, azichemshe pamoja na nyanya chungu na majani ya maboga, atie magadi kidogo sana, na kuzipiga kwa upekecho. Ndani ya sufuria ya chuma bamia hubadilika kuwa nyeusi. Hazidhuru, ila hazivutii.

Tumebakiza jambo moja lililo zito, nalo ndilo lililotufanya tusiishie kwenye kilimo na mapishi.

Gramu 100 za bamia mbichi zina takribani kalori 33 tu, gramu 3 za nyuzinyuzi, miligramu 23 za vitamini C na miligramu 82 za madini ya chokaa. Ni chakula chema, na wenye kisukari hushauriwa kula mboga za namna hiyo. Lakini mjini kwetu bamia imefanywa kuwa tabibu. Twaambiwa katika simu zetu kila siku kwamba utelezi wake huongeza ute wa magoti. Jambo hilo haliwezekani kwa njia inayosemwa: tukila bamia, utelezi wake huishia tumboni na kwenye utumbo, na ute wa kiungo hutengenezwa na utando laini ulio ndani ya kiungo chenyewe. Anayeamini hivyo akala bamia hajadhurika, amekula mboga. Dhara huja pale anapoacha dawa.

Mwaka uliopita tulimpelekea Ekaristi Takatifu bibi mmoja wa parokia yetu, mgonjwa wa kisukari. Kando ya kitanda palikuwa na glasi ya maji yaliyolowekwa bamia, na chini ya mto pakiti za dawa zisizofunguliwa. "Baba, nimepumzika vidonge," alituambia, "nakunywa hii kila alfajiri, na mwili mwepesi." Mguu wake ulikuwa umefungwa kitambaa. Tulimsihi, wanawe wakamchukua hospitali siku ile ile. Kidonda kilikuwa kimekwisha kuingia ndani, na vidole viwili havikuokolewa. Tulikuwa tumepita nyumbani kwake mwezi mmoja kabla, tukaiona glasi ile ile, na hatukuuliza kitu. Hilo twalikiri.

Zipo tafiti, nyingi za wanyama na chache za watu, zinazoonyesha kwamba bamia yaweza kupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Lakini upo pia utafiti uliofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka 2011, ulioonyesha kwamba maji ya bamia yakinywewa pamoja na dawa ya metformini huizuia dawa hiyo isifyonzwe vizuri. Mwenye kutumia vidonge hivyo asivimeze kwa maji ya bamia, na amweleze daktari wake bila kuona haya kwamba anayatumia. Anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande, iitwayo warfarini, naye aulize, kwa sababu bamia ina vitamini K. Wahudumu wa wagonjwa katika jumuiya tunawaomba, mkiiona glasi hiyo kando ya kitanda, ulizeni na vidonge viko wapi.

Na kapu lile la matoleo? Bamia kumi na tano zilizo ngumu kuliko zote mama mpishi alizitundika jikoni hadi zikakauka na kuanza kupasuka kwa mistari. Zilitokana na mbegu ya kawaida, isiyo chotara, hivyo zitazaa zinazofanana nazo. Aliyenunua mbegu chotara asihangaike kuzitunza, kwani uzao wake hautabiriki. Mbegu zimepukuchuliwa, zimechanganywa na majivu kidogo, na ziko katika chupa kavu ofisini kwa katibu wa parokia. Anayehitaji aje na bahasha, akishaangalia kwanza jua la kwake linafika wapi.